TAA INAWAKA, GURUDUMU LIMELALA
Maelezo kuhusu habu za kufunga kwa mkono

  Wengi wameandika katika jarida hili la chama chetu kuhusu methali, mashairi na maadili. Mimi ningependa tutoke darasani kidogo twende gereji. Usiogope! Huko nako Kiswahili kinazungumzwa kutwa nzima, ingawa mikono imejaa grisi.

Bila shaka umewahi kuona pikapu au Land Rover kuukuu ambayo katikati ya magurudumu yake ya mbele mna kitu mfano wa kifuniko cha sufuria, chenye kishikio cha kuzungusha. Ukiinama na kutazama vizuri, utaona kimeandikwa maneno mawili ya Kiingereza: FREE, yaani huru, na LOCK, yaani funga. Watu wengi hudhani hilo ni pambo. Wengine hudhani ni mahali pa kutilia mafuta. La hasha! Hiyo ni habu ya kufunga kwa mkono. Mafundi wengine huiita "friwili". Kwa Kiswahili sanifu tungesema kitovu cha gurudumu, lakini ukifika dukani ukaomba "kitovu", muuzaji atakutazama kwa mshangao. Kwa hivyo katika makala haya nitatumia neno habu.

Mimi ni binti wa fundi. Baba ana gereji ndogo ya jua kali kando ya barabara huku kwetu Kinangop, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, jioni nikishamaliza kazi ya ziada huwa namshikia tochi na kumwoshea vipuri kwa mafuta ya taa. Huku kwetu watu hulima viazi, kabeji na karoti, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Mvua ya masika ikianza, kati ya Machi na Mei, udongo wetu hugeuka kuwa ulimbo. Gari la kawaida halipiti. Basi maneno ya 4x4, au "fo-bai-fo" kama wasemavyo madereva, kwetu si maneno ya starehe. Ni maziwa kufika sokoni kabla hayajaganda, na ni mgonjwa kufika hospitali.

GARI LA 4x4 HUFANYAJE KAZI?

Kabla ya kuijua habu, hatuna budi kujua nguvu inavyosafiri. Injini huzungusha giaboksi. Giaboksi huzungusha kisanduku kingine ambacho mafundi hukiita transfa. Kutoka kwa transfa hutoka vyuma viwili virefu viitwavyo propela: mmoja huenda nyuma na mwingine huenda mbele. Kila propela huishia kwenye difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Kutoka kwa difu hutoka shafti mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, na shafti hizo ndizo huzungusha magurudumu.

Karibu na gia ya kawaida huwa kuna gia ndogo ya pili. Hiyo ndiyo huamuru transfa. Aghalabu huandikwa 2H, 4H na 4L. Ukiiweka 2H, ni magurudumu ya nyuma tu yanayosukuma. Ukiiweka 4H, yote manne hupata nguvu. 4L ni yote manne pia, lakini kwa mwendo wa kobe na nguvu nyingi.

Je, kwa nini tusiiache 4H siku zote? Swali zuri. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Lakini ukiwa 4H, transfa huzifunga propela mbili zizunguke sawasawa. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja, mmoja anataka kutangulia na mwingine hataki kukimbia. Kwenye matope hakuna neno, kwa sababu gurudumu huteleza kidogo na mvutano ukaisha. Kwenye lami kavu gurudumu halitelezi. Usukani huwa mzito, matairi huliwa, na vyuma vya ndani huumia. Ndiyo maana dereva mwenye akili akifika lami huirudisha gia ndogo kwenye 2H.

HABU INAINGIA WAPI?

Sasa tumerudi 2H. Propela ya mbele haipati nguvu yoyote kutoka kwa injini. Lakini magurudumu ya mbele bado yanazunguka barabarani, na kama yameunganishwa na shafti, yatazungusha shafti, shafti izungushe difu, difu izungushe propela. Vyuma vyote hivyo vinazunguka bure bilashi! Vinakula mafuta kidogo, vinapiga kelele na vinachakaa bila kufanya kazi.

Dawa yake ni kuweka komeo kati ya shafti na gurudumu. Habu ndiyo komeo hilo. Ndani yake mna pete yenye meno. Pete ikisukumwa ndani, meno yake hushika mifereji ya shafti na ya gurudumu kwa pamoja, nazo huwa kitu kimoja. Pete ikivutwa, gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi zake, na shafti hutulia tuli.

Jambo hili lina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilitengenezewa magari mengi ya Jeep kati ya 1941 na 1945. Hayakuwa na komeo hilo. Shafti zilishikana na magurudumu ya mbele wakati wote. Vita vilipokwisha, raia wengi walinunua Jeep hizo na kuanza kuziendesha kwenye barabara nzuri, na hapo ndipo wakaona adha ya kuzungusha vyuma bure. Mwaka wa 1948, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mtu aliyeitwa Arthur Warn alianza biashara ya kutengeneza habu za kufungua na kufunga ili Jeep hizo zifae barabarani. Kampuni yake ingali inatumia jina lake hadi leo, na habu za Warn hupatikana katika nchi nyingi.

AINA TATU ZA HABU

Magari ya 4x4 unayoyaona njiani yana mojawapo ya aina hizi:

(a) Habu isiyofunguka. Shafti na gurudumu zimefungwa pamoja kwa boliti siku zote. Ni imara sana na haina cha kuharibika, ila huzungusha vyuma hata kwenye lami.

(b) Habu inayojifunga yenyewe. Dereva hukaa kitini tu. Akitia 4H, shafti huanza kuzunguka, na mzunguko huo huisukuma pete ikashika. Akitaka kufungua, hurudi 2H kisha hurudisha gari nyuma mita moja au mbili hivi, pete ikaachia.

(c) Habu ya mkono. Dereva hushuka, huzungusha kishikio cha gurudumu la kulia, kisha cha kushoto. Haijifungi na haijifungui. Inakaa vile ulivyoiacha.

Kazi ninayotaka kueleza ni ile ya kuondoa aina ya (b) na kuweka aina ya (c). Kwa gereji za huku kwetu hiyo ndiyo huletwa zaidi.

KWA NINI MTU AACHE KITU KINACHOJIENDESHA?

Hapa ndipo watu hubishana. Wengine husema huko ni kurudi nyuma. "Dunia inaenda mbele, nyinyi mnataka kushuka kwenye matope!" Basi tusikilize sababu.

Habu inayojifunga yenyewe hutegemea upande ambao nguvu inatoka. Ukikanyaga mafuta, shafti inasukuma gurudumu, pete inashika. Ukishuka mteremko na kuachilia mafuta, sasa ni gurudumu linalosukuma shafti. Katika habu nyingi za aina hiyo pete huweza kuachia kidogo kisha ikashika tena upande wa pili. Vivyo hivyo ukikwama na kuanza kulisogeza gari mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili ujinasue. Kila mara pete inaachia na kushika, inaachia na kushika, ikipiga "kla!" Meno huliwa, na siku moja huvunjika. Tena ndani mna visehemu vidogo vidogo, vingine vya plastiki. Grisi ikiwa nzee na ngumu, au maji ya mto yakiingia, pete hukwama.

Nitakupa mfano ulioletwa gerejini kwetu. Jirani yetu mmoja ana pikapu ya kubeba maziwa. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili aliombwa kumpeleka mtoto aliyekuwa na kichomi. Mama na mtoto waliketi mbele, mikebe ya maziwa ikawa nyuma. Walipofika kilimani, matope yakawa mengi. Akatia 4H. Taa ya kijani ikawaka pale mbele ya usukani kuonyesha kwamba magurudumu manne yanafanya kazi. Lakini gari likazama palepale, magurudumu ya nyuma yakizunguka kama pia. Wanaume walimbeba mtoto kwa zamu hadi barabara kuu, wakapata gari jingine. Namshukuru Mungu alitibiwa akapona. Maziwa yaliharibika yote.

Trekta ilipolivuta gari hilo hadi gerejini, mwenyewe alikuwa amekasirika kwelikweli. "Fundi, taa iliwaka! Niliiona kwa macho yangu!"

Baba alilipiga jeki upande wa mbele, akamwambia, "Mzee, taa hii inaangalia gia. Haiangalii gurudumu."

Maneno hayo sitayasahau. Katika magari mengi ya namna hiyo, swichi ya taa ile imefungwa kwenye transfa. Gia ikiingia 4H, taa huwaka. Haijui kama habu imeshika au haikushika. Tulipoifungua habu ya kushoto, tulikuta grisi imekauka kama nta na meno matatu yamekatika. Shafti ilikuwa inazunguka, gurudumu limelala.

Utauliza, na lile la kulia je? Si lilikuwa zima? Lilikuwa zima, lakini halikusaidia. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Shafti ya kushoto haikuwa na mzigo wowote, basi mzunguko wote ulikimbilia huko. Kwa hiyo habu moja ikikosa kushika, ekseli nzima ya mbele imekufa. Usisahau jambo hili, tutalirudia.

Mteja alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, anunue habu nyingine ya kujifunga yenyewe. Ya pili, ambayo rafiki yake alimshauri, achomelee ile iliyovunjika ishikane milele. Baba alikataa katakata. Chuma kilichochomelewa karibu na beringi huharibu grisi na beringi zenyewe kwa joto, na siku ya kutengeneza kitu chochote cha ndani itabidi ukate kwa msumeno. Ya tatu ni habu ya mkono. Akachagua ya tatu.

KABLA YA KUNUNUA

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kinaweza kumwagika kwa siku moja ukinunua kipuri kisichofaa. Chunguza mambo haya:

1. Je, gari lako lina transfa ya aina gani? Kuna magari ambayo magurudumu yote manne husukuma wakati wote, hata kwenye lami. Range Rover ilikuwa hivyo tangu 1970, na Land Rover 110, ambayo baadaye iliitwa Defender, ilikuwa hivyo tangu 1983. Magari hayo yana difu ya tatu katikati, kwenye transfa. Ukiyawekea habu za mkono na kuziacha huru bila kubadilisha kitu kingine, utaachilia klachi na gari halitasogea hata inchi! Nguvu yote itakimbilia propela ya mbele isiyo na mzigo. Ni kanuni ileile ya difu niliyoieleza hapo juu. Habu za mkono ni za magari yenye 2H ya kweli.

2. Hesabu mifereji ya shafti. Habu ya gari moja yaweza kulingana kwa ukubwa na ya gari jingine lakini mifereji ikatofautiana. Hesabu pia boliti za kufungia habu, na upime upana kutoka boliti moja hadi nyingine.

3. Uliza kama seti ina nati na washa zake. Hili nitalieleza punde, kwa sababu ndilo la uhai na kifo.

4. Ukinunua iliyotumika, izungushe kwa vidole. Iwe laini, isikwame. Tazama meno kwenye mwanga. Meno yaliyokatika pembe huteleza yakibebeshwa mzigo.

JINSI YA KUBADILISHA

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kama nilivyoiona ikifanywa. Magari hutofautiana, kwa hivyo kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho.

Kwanza, gari liwekwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Gia ndogo iwe 2H. Pigeni jeki, kisha wekeni vyuma vya kusimamishia chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kulalia chini yake.

Pili, fungua kifuniko cha habu kuukuu. Kwenye ncha ya shafti utaona klipu ya duara. Itoe polepole kwa koleo lake, maana huruka kama panzi na ikiangukia nyasini utaitafuta hadi magharibi. Vuta habu nje. Panga kila kitu juu ya gunia safi kwa mfuatano uliovitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na Baba husema fundi asiyepanga vitu hufunga gari akabaki na "zawadi" mkononi.

Tatu, tunafika kwenye nati ya beringi. Tafadhali msomaji, soma hapa mara mbili. Gurudumu la mbele hushikiliwa lisichomoke na nati kubwa iliyo ndani ya habu. Katika baadhi ya magari yenye habu za kujifunga, vyuma vya habu hiyo huwa vimekaa juu ya nati au husaidia kuizuia isilegee. Ukiviondoa, lazima uweke nati na washa za kuzuia zilizotengenezwa kwa ajili ya habu ya mkono. Mtu akisema, "Aa, hii ya zamani itatosha," mwulize kama atakuwa ndani ya gari hilo likiteremka kilima. Nati ikilegea, beringi hulegea. Beringi ikilegea, gurudumu hucheza, na mwishowe laweza kutoka.

Nati hiyo nayo haikazwi kama ya tairi. Huikaza huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae vizuri, kisha huilegeza, halafu huikaza tena kwa nguvu kidogo kama kitabu kinavyoagiza. Ukikaza mno, beringi itapata moto na kuungua. Ukilegeza mno, gurudumu litacheza. Ukimaliza, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Lisicheze, na lizunguke bila kukwaruza. Ndipo ufungie washa ya kuzuia.

Nne, safisha kila kitu. Weka gaskiti mpya, ingiza habu, rudisha klipu ya duara. Kama shafti imezama ndani, huvutwa nje kwa boliti inayoingia kwenye ncha yake hadi mfereji wa klipu uonekane. Kaza boliti za habu kwa msalaba, yaani moja kisha inayoikabili, si kwa kuzunguka. Grisi ipakwe kidogo tu kwenye meno na pete. Wengine huijaza pomoni wakidhani ni ukarimu. Grisi nyingi huigandisha pete, hasa asubuhi ya baridi kama zetu hapa chini ya milima ya Nyandarua. Kifuniko chenye kishikio huwekwa kikiwa kwenye FREE.

Tano, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Haifai kuwa na habu ya kujifunga upande mmoja na ya mkono upande mwingine.

Mwisho ni jaribio, na hili halihitaji fundi. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani na gia ikiwa 2H, weka habu zote FREE. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukitazama shafti nyuma yake. Gurudumu lizunguke, shafti itulie. Sasa weka LOCK. Zungusha tena. Shafti lazima ifuatane na gurudumu. Jaribu kulia, jaribu kushoto. Usipoona kwa macho, usiamini.

MATUMIZI YAKE

Sasa turudi kwa wale wanaosema hawataki kushuka kwenye matope. Jibu ni rahisi: usingoje matope. Funga habu zote mbili unapotoka kwenye lami, viatu vikiwa bado safi. Habu zikiwa LOCK na gia ikiwa 2H, unaweza kuendesha hata kwenye lami bila madhara. Vyuma vitazunguka bure, basi, kama vile habu isiyofunguka. Hatari ni gia ya 4H kwenye lami kavu, si habu iliyofungwa. Msimu wa mvua, madereva wetu wengi huzifunga asubuhi na kuzifungua jioni, na njiani hubadilisha gia tu.

Kumbuka kufunga zote mbili. Ukifunga ya kulia ukasahau ya kushoto, umerudi palepale pa difu: mzunguko utakimbilia upande ulio huru na ekseli ya mbele haitakuvuta.

Usitie 4L na kupanda kilima kizito habu zikiwa FREE. Nguvu yote ya gia nzito itabebwa na ekseli ya nyuma peke yake, na shafti zake zinaweza kukatika.

Wakati wa kiangazi usiziache FREE miezi na miezi. Mafuta ya difu na grisi ya viungo huhitaji kuzungushwa yasikauke upande mmoja. Endesha habu zikiwa LOCK walau mara moja kwa mwezi, kilometa kumi na kitu hivi. Hata pete yenyewe isipochezwa hukwama, kama kufuli ya ghala lisilofunguliwa.

Na kuhusu mafuta ya gari, usidanganywe. Ukitoka kwenye habu isiyofunguka kwenda ya mkono, utapunguza mzigo kidogo. Lakini ukitoka kwenye ya kujifunga kwenda ya mkono, hutaokoa chochote cha maana, kwa sababu zote mbili zikiwa huru huacha vyuma vimetulia. Anayekuuzia kwa ahadi ya mafuta anakuuzia maneno.

HITIMISHO

Sijasema kwamba habu za kujifunga ni mbaya. Zikiwa nzima na zikitunzwa, humfaa sana mtu anayeingia vumbini mara mojamoja, au mzee ambaye magoti hayamruhusu kuinama. Na habu ya mkono haina maana kwa dereva mvivu, maana haitajifunga kwa huruma. Tofauti kubwa ni hii: habu ya mkono unaiona. Ukiinama ukakuta mshale uko LOCK pande zote mbili, na ulishaijaribu gari likiwa kwenye jeki, unajua. Ile nyingine unaambiwa na taa, na taa haikuenda kutazama gurudumu.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tutapanda magari haya maisha yetu yote, na wengine wataajiriwa kuyaendesha au kuyatengeneza, wasichana wakiwemo. Msiogope kuuliza maswali gerejini. Mkipanda pikapu siku ya mvua, muulize dereva kwa adabu maswali matatu: "Habu ni za aina gani? Umezifunga zote mbili? Ulizijaribu lini?" Akikasirika, mwambie umesoma kwenye jarida la Chama cha Kiswahili.

Na kwa walimu wetu wapendwa, nina ombi dogo. Tutafutieni neno zuri la habu ya kufunga kwa mkono. Mimi napendekeza "komeo la gurudumu". Mwenye neno bora alilete kwenye mkutano wetu ujao, tulijadili.